Jumapili za Ndauka

Mpaka leo nikipita Kibwemwe kuna watu wananiita Mwenyekiti, na mimi naitika. Sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hata cha wacheza bao. Mimi ni Mashaka, mkulima wa mihogo na korosho. Kwenye mikutano ya kijiji nilikuwa nakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na kazi yangu ilikuwa kunyoosha mkono wenzangu wakinyoosha. Lakini kwa miaka mitatu, kila Jumapili baada ya swala ya adhuhuri, nilikuwa Mwenyekiti Ndauka, na upande wetu wote wa Kisarawe ulinijua hivyo.

Wa kulaumiwa ni Mwalimu Lucian. Alihamishiwa shule yetu mwaka sabini na mbili, kijana mrefu wa Kikatoliki aliyetoka Mahenge, mkimya, mwenye tabia ya kukuuliza neno ulilolisema jana. Ndiye aliyeanzisha mchezo kwenye ghala la korosho. Mchezo wenyewe ulihusu kijiji kisichokuwepo, chenye mwenyekiti mmoja, Ndauka, mjanja, mvivu, mpenda kusifiwa, ambaye kila wiki anatoa amri na kila wiki amri inamrudia mwenyewe. Haukuwa na mwisho. Jumapili ilipoisha ulikuwa unangoja Jumapili nyingine.

Kwa nini alinichagua mimi nisiyesema, sijui. Nilimuuliza, akaniambia, "Mtu anayesema kila siku, watu wameshamzoea." Basi.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii. Siku ya Alhamisi alizunguka kijijini, akakaa huyu anapokuna nazi, yule anapopalilia, akasikiliza. Ijumaa aliandika. Jumamosi kila mchezaji alipewa kipande chake cha karatasi ya daftari chenye maneno yake peke yake. Ya mwenzako huyajui. Zubeda, aliyeigiza mke wa Ndauka, alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo yeye Mwalimu alimnong'oneza kisimani mpaka akashika. Ukifika ghalani unajua utakachosema, lakini hujui utaulizwa nini. Ilibidi umsikilize mwenzako kwa masikio yote mawili, la sivyo unapotea. Nadhani uzuri wa mchezo ulikuwa hapo, ingawa wakati ule sikujua, niliona ni usumbufu tu.

Ghala lile mchana lilikuwa na mwanga wake. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari, jua likashuka humo kwa vijiti vyembamba, na vumbi la korosho likaelea ndani yake polepole. Ukisimama katikati, nyuso za watu huzioni sawasawa. Unaona magoti, viganja, mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake. Nilikuwa nikifungua kinywa, inatoka sauti nzito yenye kujivuna, na mimi mwenyewe naisikiliza kwa mshangao kama mtu aliyelala nusu. Kisha nasikia kicheko cha watu mia mbili. Wiki nzima nililima nikiwa na kicheko kile masikioni, na jembe halikuwa na uzito.

Hapo ndipo watu wakaanza kukosea. Mbuzi wa Mwamini alikula mihogo ya Saburi, na badala ya kwenda kwa balozi wa nyumba kumi, wakaja kwangu, wote wawili, wamekaa kwenye mkeka wangu na sura zao za kesi. Niliwaambia, jamani, mimi ni Mashaka. Saburi akasema, "Tunajua. Lakini toa ile sauti." Nikaitoa. Nikamhukumu mbuzi kuomba radhi mbele ya kamati kuu. Wakacheka mpaka Mwamini akajitolea mwenyewe kumsaidia Saburi kupanda upya. Baada ya hapo kesi hazikukoma. Mipaka ya mashamba, ndoa, jogoo anayewika hovyo, zote zilikuja kwa Ndauka. Mwenyekiti wa kweli, Mzee Mbaraka, alikuwa na ofisi yenye picha na bendera, na ofisi ilikuwa tupu. Hakukasirika. Alikuwa mtu mwema kuliko nilivyotaka awe, na Jumapili alikaa mstari wa mbele.

Sasa nije kwa mama yangu.

Mama, Biubwa, macho yalikuwa yameshafunga siku nyingi, kabla ya uhuru. Tulikaa bondeni, mbali kidogo na barabara, kwenye kiwanja cha babu. Kutoka mlangoni kwetu mpaka mtoni kulikuwa na mikorosho kumi na saba, na mama aliijua mmoja mmoja. Huu una kovu, huu umeinama, huu una siafu, pita mbali. Aliigusa kwa kiganja na kwenda zake na mtungi kichwani, akirudi hajamwaga tone. Aliamka kabla yangu. Alipika. Alikuwa na mdomo mkali wa mzaha, na mzaha wake mkubwa ulikuwa juu ya macho yake. Mgeni akiingia alimwambia, "Karibu, umependeza." Mwalimu Lucian alimpenda sana. Alhamisi nyingi aliishia barazani kwetu, na maneno mengi ambayo watu walidhani ni ya Ndauka yalikuwa ya mama yangu.

Mwaka sabini na nne ikaja amri ya kuhamia barabarani, nyumba zipangwe kwa mstari. Watu wengi walihama. Zilibaki nyumba chache bondeni, yetu ikiwemo, na Mzee Mbaraka akaja mwenyewe, akavua kofia, akasema, "Mashaka, mama lazima asogee." Mimi wa kawaida sina jibu la papo hapo. Nilimsimulia Mwalimu tu, na Mwalimu akasikiliza, akaenda zake.

Jumapili ile karatasi yangu ilisema kwamba Ndauka anaamuru bibi kipofu ahamishwe, kisha anasema, "Kutoona ni kitu gani? Hata mimi naweza." Niliona ni maneno ya kawaida ya Ndauka. Nisichojua ni kwamba karatasi ya Zubeda ilimwambia avue kanga begani anifunge macho, na wengine wote waliambiwa wasinishike. Alinifunga barabara. Nikaanza kutembea. Lile ghala nililochezea miaka miwili likaniacha. Nilipiga magunia kwa goti, nikakumbatia nguzo nikaisalimia shikamoo, nikaketi mapajani mwa Mzee Mbaraka nikidhani ni kiti changu. Watu walilia kwa kucheka. Mimi ndani ya kanga ile nilikuwa nalia kweli, kwa sababu nilikuwa naogopa, na kwa sababu nilimfikiria mama njia panda ya barabarani, pasipo hata mkorosho mmoja wa kushika.

Mzee Mbaraka alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Wiki iliyofuata hakuja bondeni, wala iliyofuata. Habari ya mama yangu haikutajwa tena mwaka mzima. Hakuna aliyetoa amri ya kuifuta, ila aibu iliingia kwa njia ya kicheko ikakaa. Nilielewa basi kwamba nyumba yetu inasimama kwa sababu ya Jumapili.

Mwalimu Lucian akahamishwa mwanzoni mwa mwaka sabini na tano. Walimtaka Kibaha, kuandika vitabu vya kisomo vya watu wazima, na ilikuwa heshima, kila mtu alimpongeza. Aliaga Alhamisi. Mama alimshika uso kwa viganja viwili akaupitishia vidole polepole, paji, pua, kidevu, halafu akasema, "Mbona umekonda, au ni macho yangu?" Mwalimu alicheka akageuka upande. Nilikasirika naye siku ile. Mtu anaondokaje hivihivi, na mkoba mmoja, wakati ameacha watu katikati ya jambo?

Mchezo ukapewa Sixtus, katibu wa kijiji. Sitaki kumsema vibaya Sixtus. Alikuwa na mashine ya chapa, na alikuwa na nia nzuri, na hapo ndipo penye balaa. Kila mchezaji alipewa kurasa zote, maneno ya wote, zimebanwa kwa pini. Tulisoma, tukajua kila mtu atasema nini, na tangu hapo hakuna aliyemsikiliza mwenzake, tulingojea zamu tu. Ndauka akageuka kuwa mwenyekiti mwema. Aliamka alfajiri. Alichimba choo cha mfano. Alisimama katikati ya vijiti vile vya jua akaeleza nafasi kati ya shina na shina la mihogo, na mkewe, Zubeda yule yule aliyekuwa akinikata maneno kama anakata mchicha, alitakiwa ajibu, "Ni kweli, mume wangu."

Jumapili ya kwanza watu walikaa kimya kwa adabu. Ya pili walikuja na korosho zao kubangua. Kisha wakaanza kupungua, kwanza vijana, halafu akina mama wenye watoto. Mwezi wa Agosti nilihesabu ishirini na wanne, na kati yao saba walikuwa wamelala. Sixtus alisema tatizo ni watu hawajaelimika, akaongeza hotuba. Zubeda aliniambia siku moja tukitoka, "Ndauka wetu amekufa, huyu tunayemzunguka ni maiti." Akaacha kuja. Nafasi yake ikachukuliwa na ndugu mmoja wa Sixtus, aliyesoma kurasa zake mkononi bila kuniangalia.

Na kesi zikakoma. Mkeka wangu ukabaki ukutani. Watu walinisalimu wakipita, "Habari za leo," bila kusimama. Ajabu ya mambo ni kwamba niliona haya kama mtu aliyefukuzwa kazi, nami sikuwa nimeajiriwa. Nilikuwa nikilima, naitafuta ile sauti kooni, naambulia kikohozi.

Mwezi wa Oktoba Mzee Mbaraka akarudi bondeni. Alivua kofia. "Mashaka, safari hii wilaya imeuliza. Mkutano mkuu Jumapili ijayo, ghalani. Kama wanakijiji watapitisha mama abaki, mimi sina neno. Wakipitisha ahame, atahama." Mama alikuwa ndani anasikia. Mzee alipoondoka, mama akaniuliza, "Mwalimu yuko wapi siku hizi?"

Nilipanda treni mpaka Soga, kutoka hapo nikatembea, lori la mkaa likanichukua sehemu ya njia. Kibaha wakati ule ilikuwa mji uliokuwa bado unaamua uwe wapi. Nilimkuta Mwalimu Lucian Tangini, kwenye nyumba ya bati jipya, na mke, Laurentia, aliyenipa uji kabla hajaniuliza jina. Mwalimu alikuwa amenenepa kidogo. Alinikumbatia. Aliniita Ndauka, na moyo wangu ukaruka, nikaona kama tayari yamekwisha.

Nilimweleza yote. Nikamwomba Jumapili moja tu. Aandike, nitabeba karatasi kwa mkono wangu, nitampa kila mtu kipande chake, tutacheza kabla ya mkutano kuanza, watu watacheka, Mzee Mbaraka atajifuta macho, yatapita. Alisikiliza kama zamani, kichwa kimeinama. Akasema, "Ngoja." Akakaa mezani akaandika karibu saa nzima, mimi nimekaa kwenye kigoda natazama kivuli cha mpapai kikisogea ukutani.

Kisha akanisomea. Alisoma vizuri. Ndauka alikuwa anaeleza umuhimu wa kuwaheshimu wazee. Bibi alijibu kwa shukrani. Kulikuwa na sentensi ndefu zilizonyooka, na hapakuwa na mtu ndani yake. Alifika ukurasa wa pili akapunguza mwendo, halafu akaziweka karatasi chini. Tulitazamana. Sikutaka kusema jina la Sixtus, lakini lilikuwa limekaa nasi pale mezani.

"Hapa nafunga mlango asubuhi naandika mpaka jioni," alisema. "Simsikii mtu akisema. Mashaka, mimi sikuwa natunga kitu. Nilikuwa nachota kwenu." Akazikunja karatasi ndogo ndogo. "Mama anasemaje siku hizi?"

Nikamwambia alivyosema usiku ule Mzee Mbaraka alipoondoka, kwamba yeye alishapofuka mara moja na hana haja ya kurudia. Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Usicheze," akasema. "Simama mkutanoni wewe mwenyewe, useme kama Mashaka. Watakusikia. Hawajawahi kukusikia."

Njia nzima ya kurudi niliamini. Dirisha la treni lilikuwa limefunguka, upepo wa mikorosho inayochanua ukaingia, harufu ile tamu nzito inayomfanya mtu asinzie mchana, na nikajiona nimesimama, nasema taratibu, na wote wamenyamaza wananielewa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilimwonea Mwalimu huruma kwamba hatakuwepo.

Jumapili ghala lilijaa. Kwa mkutano watu huja, daftari la mahudhurio linasomwa. Mzee Mbaraka alikuwa mezani, Sixtus kando yake na kalamu. Mama alibaki nyumbani, alisema mambo ya kusemwa mbele yake anayajua tayari. Ilipofika ajenda yetu nikainuka kule nyuma, na kwa kuwa nyuma hapasikiki, nikasogea mbele. Nilisimama pale pale penye vijiti vya jua. Sikufikiria. Hapakuwa na mahali pengine pa kusimama.

Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanakijiji." Sauti ilinitoka inatetemeka, nikaikaza ili isitetemeke, na ilipokazwa ikawa nzito.

Nikasikia mtu anacheka kidogo, kwa furaha, namna unavyomchekea mgeni uliyemkosa siku nyingi. Alikuwa Zubeda. Nikaendelea. Nikasema mama yangu ana mikorosho kumi na saba, ndiyo macho yake. Nikaitaja, wenye kovu, ulioinama, wenye siafu. Kicheko kikatembea safu kwa safu. Nikasema, kwa uchungu wote niliokuwa nao, "Mkimtoa pale, mnampofusha mara ya pili." Kina mama wakapiga vigelegele. Mtu akasema, "Ndauka karudi huyo," na mwingine, "Nilijua tu hawezi kutuacha." Saburi alisimama akapiga makofi mikono juu. Nyuso zao, kwa kadiri nilivyoziona katika mwanga ule, zilikuwa nyuso za watu wanaonipenda. Machozi yalinitoka, nao wakazidi kushangilia, kwa sababu hata siku ya kanga nilikuwa nimetoa machozi.

Nikasema, "Mimi ni Mashaka." Ghala likapasuka kwa kicheko.

Mzee Mbaraka alijifuta macho kwa kofia. "Ahsante, ahsante sana," alisema. "Miezi mingi hatujafurahi hivi. Haya, sasa turudi kwenye ajenda. Wanaounga mkono nyumba za bondeni zisogee." Walikuwa bado wanatabasamu waliponyoosha mikono. Hakuna aliyekuwa na ubaya wowote. Mikono ilikuwa mingi, Sixtus hakuona haja ya kuihesabu.

Tulihama Jumatano. Kijiji kizima kilikuja kutusaidia, na hiyo ndiyo sifa ya watu wetu. Walifumua paa makuti yasivunjike, wakabeba nguzo, vyungu, kinu, kuku kwenye matenga. Walikwenda mstari mmoja kwenye njia ya mikorosho wakisimuliana mkutano, nani alicheka mpaka akaanguka, nani alikosa kuja na sasa anajuta. Mimi nilimshika mama mkono. Alikuwa akinyoosha kiganja cha upande wa pili, anagusa kila mti tunapoupita. Mti wa mwisho alisimama nao kidogo.

Tulipotokea barabarani mkono wake ulibaki hewani, unatafuta. Mbele yetu Saburi alikuwa amejitwika kitanda cha mama kichwani. Aligeuka, akakaza shingo, na kwa ile sauti yangu nzito inayotetemeka, kwa ufundi ambao sikujua kama anao, akasema, "Mkimtoa pale, mnampofusha mara ya pili." Njia nzima wakacheka.

Mama naye akacheka. Alicheka kicheko chake cha barazani, kile cha siku za Alhamisi, mpaka akaniegemea begani. Halafu akageuza uso wake kwangu, umeng'aa.

"Hilo la Mwalimu hilo," akasema. "Amerudi?"

Nikamwambia ndiyo, amerudi.